Msuli wa kaa umenyamaza: dawa imekata wapi?

Chukua kurare, ile sumu ya mimea ambayo wawindaji wa Amerika Kusini walikuwa wakipaka kwenye mishale. Kwa chura, ng'ombe au binadamu, hulegeza misuli hadi pumzi ikakatika. Mwagia msuli wa mguu wa kaa kiwango hichohicho, sisimua neva yake kwa umeme, na mguu utakunjuka kama kawaida. Kaa hana ukaidi wowote wa ajabu. Kurare hufanya kazi kwa kukalia vipokezi vya asetilikolini, kemikali inayopeleka ujumbe wa neva kwenye misuli yetu, na msuli wa mguu wa kaa hauna habari na asetilikolini: ujumbe wake huletwa na kemikali nyingine, glutameti.

Hapo ndipo wengi hupotea. Wamesoma famakolojia (elimu ya kazi za dawa mwilini) ya mamalia, wanaihamishia kwa gegereka (kaa, kamba, kambakoche, uduvi na jamaa zao), kisha matokeo yanawashangaza. Kosa la pili ni baya zaidi, nalo ni kuridhika na jibu kwamba "dawa imezuia". Msuli ulionyamaza baada ya kupewa dawa bado haujasema lolote kuhusu dawa hiyo. Ujumbe hupita hatua kadhaa tangu kwenye neva hadi msuli unapojikunja, na kila hatua ina kemikali zake za kuikata. Swali lenye maana ni imekatwa hatua ipi.

Neva chache, kazi nyingi

Katika mwili wetu uzi mmoja wa msuli hupokea neva moja, mahali pamoja, na hujibu kikamilifu au haujibu kabisa. Kutuliza msuli ni kazi inayofanyika mbali, ndani ya uti wa mgongo. Gegereka wamejipanga vingine. Msuli mzima unaweza kuendeshwa na aksoni (nyuzi ndefu za seli za neva) mbili tu. Msuli wa kufungua gando la kamba wa maji baridi ndio mfano unaopendwa maabara: una aksoni moja ya kuchochea na moja ya kutuliza, basi. Matawi ya aksoni hizo hutambaa juu ya uzi wa msuli na kuugusa sehemu nyingi kwa urefu wake wote.

Aksoni ya kuchochea humwaga glutameti. Mwaka 1964 Akira na Noriko Takeuchi walidondosha glutameti kwa sindano nyembamba ya kioo juu ya msuli wa kamba wa maji baridi, wakaona kwamba sehemu zinazojibu ni zilezile ambapo neva inagusa msuli. Aksoni ya kutuliza humwaga kemikali iitwayo GABA. Mwaka 1966 kundi la Otsuka, Iversen, Hall na Kravitz lilionyesha kwamba ukisisimua neva ya kutuliza ya kamba mkubwa wa baharini, GABA hutoka kweli na inaweza kupimwa.

Uzi wa msuli ukiwa umetulia una volteji ya takriban −70 hadi −80 milivolti kwa ndani. Pigo moja la neva ya kuchochea huipandisha kidogo, pengine chini ya milivolti moja, pengine milivolti kadhaa, kutegemea aina ya aksoni. Mapigo yakifuatana haraka, kila moja huikuta sinapsi, yaani kiungo cha neva na msuli, ikiwa tayari zaidi, na mwinuko wa volteji unakua. Msuli hujikunja kwa nguvu inayolingana na mwinuko huo, bila kungoja mlipuko wa umeme.

Kwa mpimaji wa dawa jambo hili lina uzito. Katika msuli wa mamalia kuna akiba kubwa: karibu robo tatu ya vipokezi lazima vikaliwe kabla udhaifu haujaonekana. Kwa gegereka akiba hiyo haipo kwa maana ileile, hivyo hata uzuiaji mdogo hupunguza nguvu ya msuli. Lakini usishangilie mapema, kwa sababu dawa inayobana utoaji wa glutameti inaweza kuonekana kali kwa pigo moja na hafifu kabisa kwa mfululizo wa mapigo ishirini. Anayepima pigo moja na anayepima mfululizo wataandika ripoti mbili zinazopingana, na wote watakuwa wamepima sawasawa.

Hatua ya kwanza: pigo la neva

Tetrodotoksini, sumu inayojulikana kwa samaki bunju, huziba mifereji ya sodiamu ya aksoni, yaani vijitundu vinavyopitisha ioni za sodiamu. Mikromola 0.1 hadi 1 inatosha kuzima pigo la neva la kamba wa maji baridi ndani ya dakika chache. Cha kuvutia ni kile ambacho haiwezi kukizima. Fatt na Katz waliona mwaka 1953 kwamba nyuzi za msuli wa kaa zinaweza kutoa mlipuko wa umeme hata sodiamu ikiondolewa kwenye maji. Baadaye ikabainika kwamba ioni inayobeba mkondo huo ni kalsiamu. Kwa hiyo neva iliyotiwa tetrodotoksini huwa kimya, ilhali msuli wake ni mzima na utajibu ukiudondoshea glutameti moja kwa moja. Tofauti hiyo ni kifaa cha uchunguzi, nasi tutaitumia baadaye.

Saksitoksini hufanya vilevile. Kaa wa jamii ya Xanthidae hubeba sumu hizi mwilini na neva zao huzistahimili, kwa hiyo ukitumia jamii hiyo usitegemee dozi za vitabuni.

Dawa za ganzi kama lidokeini na prokeini, pamoja na ile ya kulaza samaki iitwayo MS-222, hugusa mifereji hiyohiyo, ila kwa viwango vikubwa zaidi na kwa uchafu zaidi: huku zinaziba sodiamu, kule zinagusa mifereji mingine. MS-222 ina tatizo la ziada. Ni chumvi yenye asidi. Ukiiyeyusha bila kurekebisha pH, unapima athari ya asidi na kudhani ni dawa. Rudisha pH mahali pake kabla ya tone la kwanza.

Hatua ya pili: kalsiamu inaingia

Pigo likifika mwisho wa aksoni, hufungua mifereji ya kalsiamu, na kalsiamu ndiyo inayovifanya vifuko vya glutameti vipasuke nje. Magnesiamu, kobalti, manganizi na kadimiamu hushindana na kalsiamu au huziba mlango wake. Kadimiamu ndiyo kali kuliko zote hizo. Hufanya kazi katika viwango vya mikromola, wakati magnesiamu huhitaji milimola kumi na zaidi.

Mifereji inayohusika kwa kamba wa maji baridi ni ya aina ya P. Sumu ya buibui iitwayo omega-agatoksini IVA huizuia, na utoaji hukoma kwa neva ya kuchochea na ya kutuliza pia. Nifedipini, inayojulikana kwa kushusha shinikizo la damu, haina msaada hapa, kwa kuwa inalenga mifereji ya aina L. Omega-konotoksini GVIA nayo, inayokata sinapsi nyingi za chura, hupita bila kuacha alama ya maana.

Magnesiamu inastahili neno la ziada, maana huyu ni mzuiaji wa asili. Maji ya bahari yana takriban milimola 53 za magnesiamu. Kaa na kamba wanaokwenda mbio huitoa kwa mkojo na kubaki na kiwango cha chini katika damu yao. Kaa wazito wa mwendo hubaki na kiwango kinachokaribia cha bahari. Uhusiano huo kati ya magnesiamu ya damu na uvivu umejulikana tangu katikati ya karne ya 20. Ukichukua msuli wa kaa ukauweka kwenye maji ya bahari ya kawaida badala ya mchanganyiko wake sahihi, tayari umeshaupa dawa ya kuzuia.

Hatua ya tatu: vifuko vinaisha

Sumu ya buibui mjane mweusi ina protini kadhaa, kila moja na mteja wake: kuna ya wanyama wenye uti wa mgongo, zipo za wadudu, na mojawapo, alfa-latrokrustotoksini, ni ya gegereka. Hii haizuii kwa kufunga mlango. Inafungua mlango na kuacha vifuko vimwagike ovyo hadi vinaisha. Kwenye rekodi utaona kwanza vurugu ya vijipigo vidogo, msuli ukitetemeka, halafu kimya. Anayeanza kurekodi dakika ishirini baada ya kuweka sumu ataona kile kimya tu na kuandika kwamba sumu hii ni mzuiaji wa kawaida. Rekodi tangu kabla ya dawa na usiizime.

Hatua ya nne: vipokezi vya msuli

Vipokezi vya glutameti vya msuli wa gegereka huipenda sana kwiskwaleti, kemikali inayoiga glutameti, kuliko hata glutameti yenyewe. NMDA, inayofungua vipokezi maarufu vya ubongo wetu, haina kitu hapa. Ndiyo maana wazuiaji waliotengenezwa kwa ajili ya ubongo wa mamalia si wa kununua kwa matumaini makubwa.

Mzuiaji wa bei nafuu kuliko wote ni glutameti. Ukiimwaga kwenye bakuli zima, msuli hushtuka mara moja, kisha vipokezi vinakufa ganzi na neva haisikiki tena. Kwenye vipande vya utando vilivyobadilishiwa maji kwa haraka sana, mifereji ya kamba wa maji baridi huonekana ikifa ganzi ndani ya milisekunde chache. Kwa hiyo msuli uliooga glutameti haukuziba, umechoka kusikia. Kosa hili hutokea hata bila kukusudia: nyuzi zilizokatwa wakati wa upasuaji huvuja glutameti yake, na maji yasipozunguka, sehemu inayopimwa hufifia polepole huku mpimaji akitafuta hitilafu kwenye mashine.

Wazuiaji halisi wa mfereji wametoka kwa wawindaji wa wadudu. Buibui wa Japani aitwaye joro ana sumu inayoitwa JSTX. Buibui wa jenasi ya Argiope wana argiotoksini. Nyigu Philanthus triangulum, anayewinda nyuki, ana filanthotoksini. Zote zina mkia mrefu wa poliamini wenye chaji chanya. Mfereji ukifunguliwa na glutameti, mkia huo huingia kwenye tundu na kukwama. Tabia mbili hufuata. Kwanza, sumu haiingii vizuri mpaka neva ifanye kazi. Msuli ulioachwa bila kusisimuliwa unaweza kukaa na sumu kwa muda na bado ukajibu vizuri pigo la kwanza. Pili, kwa kuwa chaji ni chanya, volteji hasi ya ndani huivuta ikae. Ukiipandisha volteji ya msuli, uzuiaji hulegea. Klorisondamini, dawa iliyobuniwa kwa ajili ya ganglia (mafundo ya seli za neva) za mamalia, huziba mifereji ya glutameti ya misuli ya gegereka kwa mtindo unaofanana na huo. JSTX haioshwi kirahisi, kwa hiyo huwa inawekwa mwisho wa siku ya kazi.

Hatua ambayo watu husahau: utando unaovuja

Mwaka 1979 Fritz, Wang na Gorio walipitisha avermektini, dawa ya kuua minyoo na wadudu, kwenye msuli wa kamba mkubwa wa baharini. Mwitikio wa neva ya kutuliza ulipotea ndani ya dakika chache. Wa neva ya kuchochea ukafifia taratibu. Ukisoma rekodi hiyo peke yake utasema dawa imefunga vipokezi vya aina mbili. Haikuwa hivyo. Avermektini ilifungua mifereji ya kloridi na kuiacha wazi, na ukinzani wa utando wa msuli dhidi ya mkondo wa umeme ukashuka. Neva ilikuwa bado inaleta glutameti, vipokezi vilikuwa bado vinafunguka, lakini mkondo uleule haukuweza tena kupandisha volteji: ni sawa na kujaza ndoo iliyotoboka. Kuosha hakukusaidia. Pikrotoksini, inayoziba mifereji ya kloridi, ndiyo iliyorudisha ukinzani.

Jaribio hili lina mafunzo kuliko mengi yaliyofuata, kwa sababu linaonyesha kwamba mwitikio wa sinapsi unaweza kufa bila sinapsi kuguswa. Asiyepima ukinzani wa utando hana haki ya kusema dawa yake inazuia vipokezi.

Upande wa kutuliza

Ukisisimua neva nzima ya mguu badala ya aksoni moja, unaamsha wachocheaji na mtulizaji pamoja. GABA hufanya kazi mara mbili: hufungua kloridi kwenye msuli, na hukaa kwenye ncha za aksoni ya kuchochea ikipunguza glutameti inayotoka. Hilo la pili lilielezwa na Dudel na Kuffler mwaka 1961. Walionyesha pia kwamba muda ni kila kitu: pigo la kutuliza lazima litangulie pigo la kuchochea kwa milisekunde chache, likichelewa, halifui dafu.

Pikrotoksini, kwa mikromola 10 hadi 50, hukata upande huu wa kutuliza kwa sehemu kubwa. Matokeo yake kwenye mguu ni nguvu zaidi, si kidogo. Bikukulini, ambayo kwa mamalia ndiyo chaguo la kwanza dhidi ya GABA, ni dhaifu kwa gegereka. Lakini pikrotoksini nayo si mtakatifu: misuli fulani ya kaa ina mifereji ya kloridi inayofunguliwa na glutameti, nayo pikrotoksini inaweza kuiziba. Na sehemu ya uzuiaji kwenye ncha za neva hupitia vipokezi vya GABA vya aina nyingine, vinavyofanana na GABA-B, ambavyo pikrotoksini haivigusi.

Kuna usumbufu mwingine. Volteji ya usawa wa kloridi (ile ambayo kloridi haielekei ndani wala nje) iko karibu sana na ile ya msuli uliotulia, hivyo pigo la kutuliza linaweza lisionekane kabisa kwenye skrini hata kama mifereji imefunguka. Lipime kwa jinsi linavyopunguza mwinuko wa pigo la kuchochea, au sukuma volteji ya msuli mbali na pale kwa kuingiza mkondo.

Tumbo ni nchi nyingine

Kila kilichosemwa kuhusu kurare kinahusu miguu, magando na mkia. Misuli ya tumbo, inayosaga chakula, inagawanyika. Eve Marder alionyesha mwaka 1974 kwamba baadhi ya misuli ya tumbo la kamba mkubwa wa baharini huchochewa na asetilikolini, na hapo kurare inafanya kazi yake. Misuli jirani huchochewa na glutameti. Kwa hiyo sentensi "kurare haina athari kwa gegereka" ni sahihi kwa msuli mmoja na uongo kwa jirani yake katika mnyama huyohuyo.

Kupima: maji, mguu, vipimo vinne

Kwa kamba wa maji baridi mchanganyiko wa chumvi wa van Harreveld uliorekebishwa bado ndio msingi. Kwa lita moja: gramu 11.98 za kloridi ya sodiamu (milimola 205), gramu 0.40 za kloridi ya potasiamu (5.3), gramu 1.98 za kloridi ya kalsiamu yenye molekuli mbili za maji (13.5), gramu 0.50 za kloridi ya magnesiamu yenye molekuli sita (2.45), na gramu 1.19 za HEPES, inayoshikilia pH isiyumbe (5), pH 7.4. Kwa kaa wa baharini kama Cancer borealis ni mchanganyiko mwingine kabisa: milimola 440 za kloridi ya sodiamu, 11 za potasiamu, 13 za kalsiamu, 26 za magnesiamu. Kubadilishana haya mawili huua msuli kwa tofauti ya chumvi kabla dawa haijaingia.

Ukiongeza magnesiamu, punguza sodiamu. Milimola 20 za kloridi ya magnesiamu huleta chembe 60, kwa hiyo ondoa milimola 30 za kloridi ya sodiamu ili idadi ya chembe kwenye maji ibaki ileile. Ukipunguza kalsiamu, ijazie nafasi kwa magnesiamu. Aksoni iliyonyimwa ioni za chaji mbili hufyatuka yenyewe. Na unapotumia kadimiamu, kobalti au manganizi, maji yasiwe na bikaboneti wala fosfeti, la sivyo nusu ya dawa yako itakuwa vumbi jeupe au la waridi chini ya bakuli.

Mguu wa kutembelea hupatikana bila kisu: ukiubana kwa nguvu karibu na shina, mnyama huuachia mwenyewe kwenye mstari wake wa asili. Ubandike kwa pini kwenye bakuli lenye silikoni, fungua gamba la kipande cha kabla ya kidole, ondoa msuli mkubwa wa kufunga bila kuvuta ule mwembamba wa kufungua. Neva hufunuliwa kwenye kipande kirefu cha juu yake, ambako aksoni ya kuchochea na ya kutuliza zinaweza kutenganishwa. Elektrodi ya kioo iliyojazwa kloridi ya potasiamu ya mola 3, yenye ukinzani wa megaohmu 10 hadi 30, inatosha. Msuli ukijikunja na kuirusha elektrodi, punguza idadi ya mapigo kabla ya kufikiria dawa ya kuulegeza. Kila kitu utakachoongeza ni mchezaji mwingine uwanjani.

Kipimo cha kwanza ni ukinzani. Ingiza mkondo mdogo kwa elektrodi ya pili. Tuseme nanoampea 10 zilikuwa zinashusha volteji kwa milivolti 6, na baada ya dawa zinashusha 2 tu: ukinzani umetoka megaohmu 0.6 hadi 0.2. Simama hapo. Una uvujaji, na vipimo vingine vyote vitadanganya.

Ukinzani ukiwa haujabadilika, sisimua mfululizo, mapigo 20 kwa kasi ya 40 kwa sekunde. Linganisha pigo la mwisho na la kwanza. Dawa iliyobana utoaji hupunguza la kwanza zaidi ya la mwisho, kwa hiyo uwiano hupanda. Dawa iliyokalia vipokezi hupunguza yote kwa kiwango kimoja, uwiano unabaki. Sumu ya mkia wa poliamini hufanya kinyume: mapigo ya mwisho ndiyo huumia, kwa kuwa mfereji huzibwa kadiri unavyotumika.

Tatu, weka tetrodotoksini na puliza glutameti kidogo kwa sindano ya kioo mahali pamoja, kwa milisekunde chache, ukisubiri nusu dakika au zaidi kati ya pulizo na pulizo ili vipokezi visife ganzi. Fanya hivyo kabla na baada ya dawa. Kama neva ilikuwa imenyamaza kwa dawa hiyo lakini pulizo linajibiwa vilevile, msuli hauna kosa.

Nne, hesabu vifuko. Ndani ya uzi mnene wa msuli vijipigo vya kifuko kimoja huzama kwenye kelele, kwa hiyo hutumika elektrodi yenye mdomo wa mikromita 10 hadi 20, inayokandamizwa juu ya sehemu neva inapogusa. Sisimua mara 500. Kama mara 300 hakuna kilichotoka, wastani wa vifuko kwa pigo ni logi asilia ya 500 kugawa 300, yaani 0.51. Baada ya dawa mara 425 hakuna kilichotoka: logi ya 500 kugawa 425 ni 0.16. Ikiwa ukubwa wa kifuko kimoja kimoja haukubadilika, utoaji umeshuka hadi theluthi moja na vipokezi havihusiki. Ikiwa hesabu imebaki 0.51 na kila kifuko kimekuwa kidogo, tatizo liko upande wa msuli. Angalizo: vifuko vikiwa vidogo mno hadi vingine visionekane, utavihesabu kama kushindwa, na dawa ya vipokezi itajifanya dawa ya utoaji.

Mengi yanayoharibika ni ya kawaida kuliko haya. Pikrotoksini haiyeyuki vizuri kwenye maji. Yeyusha kwanza kwenye ethanoli au DMSO, hakikisha kiyeyushi hakizidi asilimia 0.1 mwishoni, na pima kiyeyushi peke yake. Avermektini hung'ang'ania mirija ya plastiki, hivyo jaribio la kesho linaweza kuwa na dawa ya leo. Tumia kioo panapowezekana na utupe mirija. Joto likipanda nyuzi mbili tatu, mapigo hubadilika umbo hata bila dawa. Na dawa ngeni ikionekana kupunguza mwitikio, ijaribu pia ndani ya pikrotoksini, maana inawezekana kazi yake ni kumwaga au kuiga GABA.

Nje ya maabara

Chawa wa samaki wa samoni ni gegereka, na vita dhidi yake inatumia hatua hizihizi. Emamektini, ndugu wa avermektini, huchanganywa kwenye chakula kwa kiwango cha mikrogramu 50 kwa kila kilo ya samaki kwa siku, siku 7 mfululizo, na chawa hulegea na kudondoka. Viuadudu viitwavyo pirethroidi huacha mifereji ya sodiamu ya neva wazi, kwa hiyo kabla ya kupooza mnyama hutetemeka. Viuadudu vya fosforasi hai huzuia kimeng'enya kinachoivunja asetilikolini. Mtetemo wa kamba aliyepewa sumu hiyo hauanzii kwenye sinapsi ya mguu, ambayo ni ya glutameti, bali ndani ya ganglia, ambako neva za hisia huongea kwa asetilikolini. Kamba na kaa wengine walio karibu na vizimba wana neva na misuli ya aina ileile na dawa haiwabagui.

Jambo moja huchanganywa hata na watu wazoefu. Dawa inayokata hatua ya msuli haimfanyi mnyama asihisi. Kamba aliyedungwa kizuizi cha vipokezi vya msuli halegei akili; neva zake za hisia na ganglia zinaendelea kupokea kila kitu, ila hana namna ya kuonyesha. Ukimya wa miguu hautumiki kama kipimo cha ganzi. Ganzi hupimwa kwa kurekodi neva zenyewe, na kwa anayefanya upasuaji bila vifaa hivyo, kumpoza mnyama taratibu ndani ya barafu iliyopondwa, kisha kuharibu ganglia haraka, kunaaminika kuliko dawa yoyote ya kulegeza misuli.